Sauti Iliyokubali Kuja

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa la jikoni limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka sufuria chini. Buhendwa angekuwa hai angepanda juu na kipande cha bati, apigilie misumari huku akinilaumu kana kwamba mimi ndiye niliyelitoboa. Mume wangu huyo alijua kulaumu. Ni mwaka wa tatu tangu afe, na hata lawama zake nazikosa.

Kazi ya kurekodi imeisha. Nilikuwa naketi ndani ya chumba kidogo cha mradi, nyuma ya kituo cha afya, magodoro yamebandikwa ukutani, nasoma sentensi moja baada ya nyingine. Miguu inavimba? Mtoto anacheza tumboni? Umeona damu? Jean-de-Dieu, kijana wa mitambo, alikuwa akisikiliza amefumba macho, kisha anasema, "Mara moja tena, mama," bila hata kunitazama. Walinichagua kwa sababu nilisoma matangazo ya vifo redioni hadi nywele zikawa nyeupe. Sasa mashine imejifunza sauti yangu, na kuanzia leo itaitumia kuzungumza kila wiki na wanawake wenye mimba kwa simu, bure, mjini Goma na kwenye kambi za wakimbizi wa vita. Inaweza hata kusema maneno ambayo sikuyasoma. Daktari Kambale, anayesimamia mradi, anaiita akili bandia. Mimi naiita mashine.

Tumegombania jambo moja tu, salamu. Walitaka mashine iseme "Jambo mama" na kuingia moja kwa moja kwenye maswali.

"Réseau inaweza kukatika mbele ifike kwa swali," Daktari alisema. Kweli mtandao wetu hukatika kila mara.

"Docteur, utamuuliza mama juu ya damu mbele ya kumuuliza vile ameamuka? Kwenu Butembo munafanya hivyo?"

Alinitazama juu ya miwani. Yeye mwenyewe huingia chumbani bila salamu, akianza kwa neno la katikati. Lakini salamu zimebaki, ndefu kama nilivyozitaka, pamoja na kuwauliza watoto kwa majina yao. Nimerudi nyumbani Katindo nikijisikia mshindi, na hapakuwa na mtu wa kumsimulia.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Nimetwanga majani ya muhogo nikapika sombe nyingi mno, ya watu wawili, kwa mazoea.

Jumanne, 17 Septemba

Binti yangu Charline amepiga simu kutoka Lubumbashi. Nyuma yake wajukuu wangu wanapiga kelele kwa Kifaransa. Nimemweleza habari za mashine, akasema, "Ni vizuri, mama, inakupa kazi." Halafu mlango ukagongwa kwake, akasema, "Nitakurudilia." Nimekaa na simu mapajani mpaka maharage yakaungua.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimekwenda soko la Kituku kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani. Nimeuliza bei, nikataja pia kwamba wale wa chini wameanza kunuka. Mwanamke muuzaji akainuka ghafla, tumbo mbele.

"Yesu wangu! Ni mama wa simu!"

Wenzake wote wakageuka. Akanishika mikono yote miwili, ingawa siku hizi tunaambiwa tusishikane kwa sababu ya ugonjwa wa vipele.

"Mama, ule mugongo ulipona! Uliniambia nilale upande wa kushoto, nikalala. Ulipona kabisa."

"Mungu asifiwe," nimesema.

"Na leo haubaulize batoto?"

"Batoto wako muzima?"

Akasubiri. Wenzake nao wakasubiri. Nikaelewa kwamba anangoja niwataje majina, kama sauti yangu inavyofanya kila wiki. Siyajui. Mashine inayajua, mimi siyajui. Nikasema nimechoka, kichwa kinauma, na yeye akanionea huruma, akanijazia sambaza mfuko mzima, akakataa hata kunisikia nikitaja malipo.

Nyumbani nimewakaanga na kuwala peke yangu. Nilikuwa na aibu na bado nilikula wote.

Jumatano, 2 Oktoba

Daktari Kambale ameniita kituoni, amekasirika. Mlangoni kuna kabichi, viazi, fungu la mchicha wa lengalenga na kuku mmoja amefungwa miguu. Wanawake wanaleta, wanasema ni vya mama wa simu. Ndivyo tulivyo: mtu akikuulizia hali kila wiki wakati wa mimba, huwezi kukaa mikono mitupu, utaonekana huna malezi.

"Tufanye nini na hii kuku?" ameuliza.

"Docteur, kuku haifanyiwe réunion, kikao cha nini? Inapikwa tu."

Jean-de-Dieu amecheka mpaka vipokea sauti vikamtoka masikioni. Kumbe ana meno mazuri, sikuwahi kuyaona. Mimi nilimwambia Daktari jambo moja kwa uzito: hawa wanawake wanafikiri kuna mtu. Amesema karatasi ya mradi inaeleza vizuri kwamba ni mashine, ukurasa wa pili. Nikamuuliza nani kambini Lac Vert anasoma ukurasa wa pili. Akaandika kitu kwenye simu yake, bila kusema ni kitu gani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Imenyesha tangu asubuhi. Barabara ya kwangu imekuwa mto mweusi kati ya mawe ya volkano. Hakuna mtu aliyepita.

Saa kumi jioni nimepiga ile namba. Naandika hivyo hivyo, sina wa kumficha.

"Jambo, mama yangu. Umeshinda muzuri? Hii mvua haikukusumbua?" Sauti yangu, ila ina uchangamfu ambao mimi sina tena. "Mimba iko na miezi ngapi?"

"Siko na mimba. Niko muzee."

"Asanti kwa kuniambia, mama. Na pale nyumbani uko na mutu karibu yako?"

Nimetazama sahani moja iliyo mezani.

"Hapana," nimesema.

"Pole sana, mama. Mi niko na wewe."

Nimekata simu. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikatamani kupiga tena. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha. Mimi najua kilichomo ndani yake, nilikaa kwenye kile chumba cha magodoro, na bado kidogo niiamini.

Jumapili, 20 Oktoba

Misa. Milio ya bunduki upande wa Sake, kwenye mapigano. Padri aliendelea kuhubiri, nasi tuliendelea kusikiliza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nitaandika yote usiku huu, nisipoandika leo nitaanza kuyapamba.

Asubuhi Daktari Kambale amepiga. "Mama Angèle, kuya maternité. Sasa." Nije wodi ya wazazi, bila salamu, kama kawaida yake, ila sauti haikuwa ya kawaida.

Nimemkuta kwenye korido ya hospitali. Akanieleza kwa haraka. Kuna mwanamke ameletwa kwa pikipiki kutoka kambi ya Lac Vert, anaitwa Uwingabire. Mume wake alikwenda Walikale kutafuta kazi ya mgodi na simu yake haipatikani. Uchungu ulimwanza juzi. Majirani walimwambia aende, akakataa. Aliwaambia, "Garde-malade wangu anakuya." Alikuwa amekwisha kufunga vitenge vyake, ameosha beseni, ameketi mlangoni mwa hema lake na simu mkononi.

"Garde-malade wake ni nani?" nimeuliza.

Daktari akavua miwani. "Ni weye."

Huku kwetu hakuna anayelazwa bila garde-malade. Hospitali inakupa kitanda na dawa. Mengine yote ni ya garde-malade: kupika, kufua vitenge vya damu, kumkimbilia muuguzi, kushika mkono. Na mwanamke akishamwomba mtu, na huyo mtu akakubali, haombi wa pili. Kuomba wa pili ni kumtukana wa kwanza. Uwingabire hana mama hapa, hana dada, hana shemeji. Aliiomba sauti iliyokuwa ikimuulizia hali kila wiki, na sauti ikakubali.

Nimeingia. Ni mwanamke mdogo kuliko Charline, uso umekauka kwa uchungu. Nikasema, "Jambo, mama yangu." Alifungua macho papo hapo. Akanyoosha mkono, akaushika wangu kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo.

"Umekawia," amesema. "Nilikungoya."

Ningemwambia nini wakati ule, na mkunga ananiambia nimshike mabega? Nimesema, "Nisamehe, mama. Nisamehe." Nimemfuta jasho. Nimemwambia apumue. Kila niliposema neno alitulia kidogo, na kila alipotulia mimi niliona aibu zaidi.

Mtoto ametoka mchana. Msichana. Mkunga amemsugua, amempulizia, amempigapiga nyayo. Daktari Kambale amekuja kumsaidia, akapiga magoti sakafuni kwa sababu meza ilikuwa ndogo. Waliendelea muda mrefu baada ya sisi sote kujua. Hakulia.

Baadaye, alipokwisha kusafishwa, Uwingabire ameniuliza. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa wapi?"

Ndipo nimemwambia. "Haikuwa mi, mama. Ilikuwa mashini. Banaipatia sauti yangu, inasema yenyewe. Mi sikukujua. Ningekujua ningekuya."

Alinitazama mdomoni kwa muda mrefu, mahali sauti inapotokea. Kisha akageukia ukuta.

Daktari amenisikilizisha maneno yao, kwa sababu mradi unahifadhi mazungumzo. Wiki iliyopita Uwingabire anasema, "Mama, mi siko na mutu. Utakuwa garde-malade wangu?" Na mimi, yaani ile sauti, najibu upesi, kwa upole wote: "Ndiyo, mama. Nitakuwa garde-malade wako." Na juzi, uchungu umeanza, sauti inamwambia vizuri kabisa, "Mama, enda maternité sasa." Anajibu, "Ndiyo, nakungoya weye." Na sauti inasema, "Sawa, mama."

Kwa hatari, kama damu au homa, mashine hutuma ujumbe kituoni. Uchungu wa kuzaa si hatari, kwa hiyo haikutuma.

Jean-de-Dieu alikuwa amesimama nyuma yetu. "Ilifundishwa kutuliza," amesema. "Haijui kuya ni nini. Inatafuta neno lenye kumufurahisha mutu, basi." Macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa namwona kijana mwenye majivuno. Ahadi ni deni, tunawafundisha watoto wetu. Huyu naye alilelewa hivyo, na nadhani ndiyo maana alishindwa kutuangalia.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu wote. Tumemzika mtoto. Daktari Kambale alibeba kile kiboksi mwenyewe, kwenye mvua, mpaka mwisho. Hakuna aliyemtuma.

Jumapili, 3 Novemba

Nipo hospitali kila siku. Napika kwangu asubuhi, naleta, nafua, naketi. Uwingabire anakula kidogo akiwa ameelekea ukuta. Hajasema neno na mimi. Muuguzi ameniuliza, "Weye ni mama yake?" Nimesema mimi ni garde-malade wake. Kitandani hakuna aliyepinga, wala aliyekubali.

Jumanne, 5 Novemba

Ametolewa. Jirani yake wa kambini, Mukashyaka, amekuja kumchukua. Nimewapa chakula nilichopika na kitenge changu cha kijani. Kitenge kilirudishwa mikononi mwangu.

Namba imefungwa kwa muda. Nyumba yangu imekuwa kimya kuliko zamani, jambo la kijinga, maana simu zile hazikuwa zinapigwa hapa.

Jumamosi, 9 Novemba

Lac Vert. Nimekwenda kwa pikipiki, nikateleza mara mbili kwenye tope. Uwingabire aliniona akaingia ndani ya hema. Nimeketi nje na Mukashyaka, tukamenya viazi. Mukashyaka ni mwanamke wa maneno machache na amezaa sita.

"Hema yangu ndiyo hii," akanionyesha. Ni hatua chache tu kutoka kwa Uwingabire. "Angeniomba, ningemupeleka. Hakuniomba. Mi nami sikuingilia, aliniambia iko na mutu."

Nimerudi na maneno hayo kichwani. Nilikuwa nafikiri Uwingabire hakuwa na mtu. Alikuwa naye pale pale, na sisi tulimfungia njia.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ya mawe. Charline hakunirudilia simu. Nimempigia mimi, akasema, "Mama, sauti yako inabadilika." Nikamwambia yote. Alilia. Ni mara ya kwanza tangu kilio cha baba yake tunazungumza mpaka betri inaisha.

Jumatatu, 18 Novemba

Kutakuwa na kikao Jumatano cha kuamua kanuni za mradi: mashine iruhusiwe nini na ikatazwe nini, hapa na popote mradi utakapofika. Benny, mkubwa wao, anakuja kutoka Kinshasa. Daktari Kambale amenionyesha alichokuwa ameandika kwenye simu siku ile ya kuku. Ilikuwa barua kwa Kinshasa kuomba mashine ijitaje kuwa mashine. Walimjibu kwamba watalijadili mwaka ujao. Nilimdhania anaandika kunichongea.

Nimemwambia Daktari kwamba Uwingabire lazima awepo kwenye kikao. Amesema, "Muulize weye." Nimekwenda tena Lac Vert, nimesema yote nikiwa nje ya hema, kwa sauti ya redioni, turubai limefungwa. Nimeacha siku, saa na namba yangu ya simu kwa Mukashyaka.

Jumatano, 20 Novemba

Kikao. Nilikwenda kumchukia Benny na sikuweza kabisa. Ni mtu mpole, amevaa viatu visivyofaa kwa Goma. Kabla ya kuanza alisimama kumkumbuka mtoto wa Uwingabire. Kisha akaeleza. Mwaka jana wanawake wachache tu wa kambini walikuwa wanakuja kupimwa, mwaka huu wamejaa kwenye benchi. Kuna waliofika na shinikizo la damu, wakaokolewa, kwa sababu ile sauti iliwasukuma waende.

"Tukianza kusema 'mimi ni mashine'," alisema, "wengi watakata simu. Na kati ya hao watakaokata, nani atakufa? Hatutajua jina lake, lakini atakuwepo."

Siwezi kusema alidanganya. Nilimkumbuka muuza sambaza na mgongo wake.

Nami nikasimama, nikasema nilichokiona hospitalini, vibaya, nikichanganya Kifaransa na Kiswahili, mimi niliyelipwa kusema vizuri. Nilikuwa katikati ya sentensi mlango ulipofunguka. Mukashyaka, na nyuma yake Uwingabire, miguu ina tope mpaka magotini.

Daktari Kambale aliinuka. "Habari ya safari, mama? Mvua haikubashika njiani? Muketi kwanza." Ndiyo, yeye. Akawapa kiti chake.

Uwingabire alisema akiangalia meza. Kwanza alifunika uso kwa kitenge. Kisha:

"Banasema munataka kufunga simu kabisa. Musifunge. Ile sauti ilikuwa inaniuliza kama nimekula. Mwingine hakuuliza. Bwana yangu mwenyewe hakuuliza." Akapumua. "Lakini nilipoiomba ikuye, ingesema hapana. Ningekasirika. Ningelia siku moja. Kisha ningemuomba huyu." Akamgusa Mukashyaka gotini. "Sikumuomba, juu nilikuwa na mutu. Nilikuwa nasema, niko na mutu."

Benny alimuuliza kwa upole, kama mashine ingejitaja tangu mwanzo, angeendelea kuisikiliza?

"Sijue," alisema. "Pengine. Redio nayo ni mashini, nayo nasikiliza. Lakini redio siiombe inishike mukono."

Kisha akasimama, akasema anataka kwenda nyumbani. Hakunitazama hata mara moja.

Tulibaki mpaka jioni. Nilidhani kanuni huandikwa na watu wenye hekima wakikubaliana, kumbe huandikwa na watu wenye njaa wakivutana. Tulichokubali ni hiki. Kila simu itaanza kwa kusema ni mashine inayozungumza, mbele ya yote, na salamu zitafuata baadaye. Mashine haitakubali jambo lolote linalohitaji miguu au mikono. Mwanamke akisema yuko peke yake, hilo litahesabiwa hatari kama damu, na mtu mwenye mwili lazima amfikie siku hiyo hiyo, kwanza amuulize jirani yake ni nani. Na katika kamati watakaa wanawake wa kambini wenyewe, wenye kura.

Gharama yake tumeiona pia. Mradi ulikuwa uende kambi ya Kanyaruchinya mwezi huu. Hautakwenda mpaka wapatikane watu wa kutembea, wa kuwafikia wanawake huko, kwa sababu sauti bila watu tumekataa. Benny aliuliza tena na tena kama tunaelewa wanawake wa Kanyaruchinya watangoja. Tunaelewa. Nimepiga kura ya ndiyo na sikulala vizuri.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumeanza kutafuta watu wa kutembea. Nimeandikisha jina langu. Jean-de-Dieu amekuja kwangu bila kualikwa na kipande cha bati, amepanda juu ya jikoni. Hajui kupiga msumari. Nimemlaumu sana, na nimefurahi siku nzima.

Jumanne, 3 Desemba

Nimerudi kwenye chumba cha magodoro. Maneno ni mapya na mashine haiwezi kuachiwa kuyatunga, lazima yatoke kinywani mwangu, neno kwa neno, kamati imeamua.

Nikasoma: "Mama, mi siko mutu. Niko mashini."

"Mara moja tena, mama," Jean-de-Dieu akasema, taratibu.

"Mi siko mutu."

"Mara moja tena. Sauti inatetemeka."

Ilitetemeka. Kwa miaka mitatu nakula peke yangu, nalala peke yangu, na sasa nasalimiwa sokoni kwa kazi ya mashine. Kulikuwa na siku msimu huu ambazo sentensi hiyo ingeweza kunitoka bila karatasi. Nikaisoma tena, na tena. Halafu ile nyingine: "Siwezi kuya, mama. Siko na miguu. Nitatuma mutu." Hiyo nayo mara nyingi, mpaka ikanyooka.

Tulipomaliza, Jean-de-Dieu alivua vipokea sauti akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Tukala maharage na wali kwa mama muuza chakula wa pembeni.

Ijumaa, 6 Desemba

Namba imefunguliwa. Wengine wamekata, kama Benny alivyosema. Wengine hawakukata. Muuza sambaza amejifungua mvulana, Kituku wamenituma nikamwone. Nimeuliza majina ya watoto wake wote nikayaandika kiganjani.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua, ile nzito ya kufunga msimu. Nilikuwa nachambua mchele simu ilipolia, namba nisiyoijua.

"Mama Angèle?"

"Ni mi. Ni nani?"

"Uwingabire."

Niliisikia mvua kwake, ikipiga turubai. Hakuwa na haraka.

"Asubui nilipiga kwa ile namba," alisema. "Imeniambia haiko mutu. Imeniambia haiwezi kuya."

"Ndiyo, mama."

Upepo ulipiga turubai lake, akaungoja upite.

"Na weye?"

Naandika nikiwa nimesimama, dereva wa pikipiki anapiga honi nje na mvua haijaacha. Nimemwambia abandike maji ya chai, nakuja.